Makohozi ya Shemeji

"Nakuuliza mara ya tatu, Baba Marion. Yale makohozi yalikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Rudia ukiniangalia."

"Seline, tutachelewa kliniki."

"Tutachelewa. Nimesimama mlangoni na sitoki."

Mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Simu yake nilikuwa nayo mimi. Huwa ninayo kila asubuhi kwa sababu ndiyo hulia saa kumi na mbili na nusu, wakati wa dawa. Leo ililia mapema. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mdogo wake, Javan.

Nikamsomea tena kwa sauti, polepole, kama ninavyowasomea wapishi wangu orodha ya chakula cha wiki.

"'Brathe, nimekohoa kabla ya chai vile ulisema. Kikopo kimejaa. Niko njiani nakuletea.'"

Akavaa soksi ya pili.

"Kikopo cha nini, Nicanor?"

Akatafuta viatu chini ya kitanda.

"Mtu mzima anatoka Turbo asubuhi hii na kikopo cha makohozi yake. Anamletea nani? Mimi?"

Mlio nami katika safu hii tangu mwanzo mnajua tulikotoka. Aliyetupata leo, nitamwambia kwa ufupi kisha nirudi pale mlangoni.

Mume wangu ni fundi wa vigae. Miaka kumi na tisa amekata vigae kwenye nyumba kubwa za Elgon View, vumbi likimwingia puani, na hajawahi kuvuta hata sigara moja. Januari akaanza kukohoa. Februari sauti ikakauka, yeye ambaye mwalimu wa kwaya alikuwa akimwomba apunguze besi ili wengine wasikike. Machi picha ikaonyesha kivuli kwenye pafu la kushoto. Ukubwa wa ndimu.

Daktari Kigen hakutuzungusha. "Inaweza kuwa TB, inaweza kuwa kansa," alisema. "Tuanze na makohozi. Yakiwa safi, naingiza kamera kwenye njia ya hewa, nakata kipande kidogo tukipime." Akampa Nicanor kikopo aende nacho nyumbani, akohoe asubuhi, arudishe.

Makohozi yakatoka na TB.

Tulishangilia. Sijui kama kuna nyumba nyingine katika Eldoret nzima iliyowahi kushangilia TB. Kanisa lilitoa shukrani. Nilichinja kuku. TB ina dawa, na miezi sita ikiisha nayo imeisha. Sista Rael wa kliniki ya kifua akanifanya msimamizi wa dawa, yule wa kuhakikisha mgonjwa anameza. Nina diploma ya upishi, naongoza jiko la shule ya bweni ya wasichana mia nane. Kumsimamia mwanamume mmoja ameze vidonge vinne ni kazi gani? Asubuhi hamsini na sita nimesimama mbele yake. Fungua mdomo. Inua ulimi. Nikaweka alama kwenye kadi.

Wiki iliyopita daktari akampiga picha tena. Ndimu imekuwa chungwa.

"TB inayopewa dawa haikui hivi," akasema. "Ama ni TB sugu, ama kuna kitu sijaambiwa." Akatuangalia. Mimi nikamwangalia Nicanor. Nicanor akaangalia viatu vyake. Daktari akatoa kikopo kingine, tukirudishe Jumanne. Jumanne ndiyo leo.

Sasa turudi mlangoni.

"Yalikuwa ya Javan," akasema hatimaye. Sauti yake siku hizi ni upepo mtupu. Ukitaka kumsikia inabidi uache kugombana kwanza.

"Yale ya Machi?"

"Yale ya Machi."

Nikaketi juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Kwa nini?"

"Si ulimsikia daktari? Yakiwa safi anakata kipande."

"Kipande kama punje ya mchele."

"Baba mdogo Austine pia alikatwa kama punje ya mchele. Aliingia akitembea, Seline. Walipoigusa na kile chuma, ikakasirika. Wiki tano tukamzika. Ile kitu ukiigusa na chuma inasambaa mwili mzima. Kila mtu kwetu anajua."

"Kila mtu kwenu! Austine alikaa na uvimbe miaka miwili akichemshiwa mizizi. Alifika hospitali akiwa amebaki macho. Chuma ndicho kilichomuua?"

"Wewe hukuwa pale."

"Nilikuwa pale! Nani alipika matanga siku nne?"

Hata sufuria zenyewe zilikuwa zangu.

"Nilitaka tu iitwe TB," akasema. "Ukiwa na TB watu wanakuuliza umebakisha miezi mingapi. Ukiwa na ile nyingine hawaulizi. Wanakuja kukuangalia tu, wanakunywa chai yako, wanaenda."

"Kwa hiyo miezi miwili dawa zimekukojoza rangi ya karoti kwa ugonjwa usio wako."

"Nilimeza zote. Si uliniona?"

"Nilikuona. Ndiyo inaniuma."

Nilikuwa bado nina mengi ya kumwambia. Lakini kikasikika kikohozi kirefu huko nje, kisha mlango ukagongwa.

"Hodi hapa! Shem, mko?"

Javan. Sweta nzito, tabasamu lake lile lile, mifupa ya mashavu imetokeza. Mkononi kitu kidogo kimefungwa kwa gazeti.

"Shem, chai iko? Nimetoka Turbo na tumbo tupu. Huyu bwana yako alinikataza hata maji."

"Keti hapo nje kwenye benchi. Nakuletea."

"Nje? Kwani nimekuwa mbwa wa kulinda?"

"Keti kwenye hewa, Javan."

Aliketi. Nikampa chai na mkate, nikasimama upande upepo unakotoka. Nicanor alitoka akaegemea mlango. Sikumpa chai. Wala hakuomba.

"Javan, unakohoa tangu lini?"

"Hii? Ah, hii ni vumbi ya mahindi. Tunapakia malori tangu asubuhi, Shem. Pale kila mtu anakohoa. Hata yule karani wa kukaa tu na kalamu."

"Usiku unatoka jasho?"

"Virginia anasema nalowesha shuka kuliko mtoto." Akacheka.

"Na yale makohozi ya kwanza uliyompa ndugu yako, alikuambia yalitoka vipi?"

Javan akamtazama Nicanor, akaona siri imeshatoka, akanyoosha miguu.

"Basi unajua. Afadhali. Mimi sipendi kuficha vitu. Shem, aliniambia yalitoka safi kabisa. Ndiyo maana hawakumkata. Nilifurahi sana. Nikamwambia Virginia, angalau nami kuna siku nimemsaidia brathe."

Nikageuka polepole nikamwangalia mume wangu.

Nimeishi naye miaka ishirini. Nimemwona akidanganya mafundi wenzake, akidanganya wenye nyumba kwamba saruji bado haijakauka. Sikujua kuna mahali kama hapa ndani yake.

"Mwambie," nikasema.

"Seline..."

"Mwambie au nimwambie."

Akageuzia uso wake barabarani.

"Javan," nikasema, "makohozi yako yalikuwa na TB. Wewe ndiye mwenye TB. Miezi miwili sasa. Dawa zako amezimeza huyu hapa."

Kwanza alicheka. Kisha akamwangalia kaka yake ili wacheke pamoja, na Nicanor hakucheka. Kile kicheko kikageuka kikohozi, kikamkunja hadi kichwa kikafika magotini.

Alipoinuka, macho yalikuwa na maji.

"Mtoto wangu ana miezi minne," akasema. "Nicanor. Huwa analala hapa." Akajipiga kifuani kwa kiganja. "Kila jioni nikitoka kazini. Analala hapa."

"Ningekuambia."

"Lini? Akianza kukohoa?"

"Nilikuwa nikitafuta njia, ndugu yangu."

"Njia gani?" nikaingilia. "Umemwibia mtu hadi ugonjwa wake!"

Nicanor aliketi kwenye kizingiti, akafuta jasho, akaanza kunong'ona haraka haraka. Na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mambo yote alikuwa ameshayapanga.

"Sikilizeni. Tusigombane. Leo tupeleke hiki kikopo. Daktari ataona TB bado iko, ataniandikia zile dawa kali. Hizo nitampa Javan. Atapona, mtoto atakuwa salama, na hakuna mtu atajua kitu."

"Dawa kali za nini?" Javan akauliza. "Mimi sijaonja hata zile laini!"

"Na wewe, Nicanor?" nikasema. "Javan atapona kwa dawa zako. Wewe utapona kwa nini?"

Aliangalia kikopo.

Basi nikajua. Huyu mtu hakuwa amepanga kupona. Alikuwa amepanga tu kuugua kitu chenye jina zuri hadi mwisho.

Nilichukua kile kikopo, nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikafunga nyumba. Nikampigia naibu wangu jikoni nikamwambia leo maharagwe ni yake. Tukaondoka watatu.

Saa tatu tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya kifua, Javan mwisho kabisa karibu na dirisha, amefungwa barakoa niliyomnunulia langoni. Nambari yetu ilikuwa kumi na nne. Walikuwa wakiita ya sita.

Nicanor akaniinamia sikioni.

"Ukisema neno moja mle ndani, mimi naenda nyumbani Ugenya. Leo leo. Na hospitali hamtaniona tena. Nakuapia kwa mama yangu, sitakatwa."

"Na mtoto wa Virginia?"

"Javan anaweza kwenda kliniki ya Turbo, apimwe kivyake. Yangu yabaki vile yalivyo. Nipe wiki moja tu, Seline."

"Ulishachukua nane."

"Mimi ni mume wako."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa hapa badala ya kuwa kazini."

Wakaita ya kumi. Wakaita ya kumi na mbili. Mama mmoja mbele yetu alikuwa akimlisha mzee wake ndizi, kidogo kidogo, na mzee akimtukana kwa kila kipande. Niliwaonea wivu.

"Nambari kumi na nne! Nicanor Ogutu!"

Mume wangu akasimama. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Kisha akapita mlango wa Sista Rael, akapita dawati la kadi, akatoka nje kwenye jua bila kugeuka.

"Shem, nimfuate?" Javan akauliza.

"Kaa."

"Nicanor Ogutu! Yuko ama hayuko?"

Sikusimama. Na sasa wacha niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu, kwa sababu nimewasema wengine vya kutosha katika gazeti hili.

Asubuhi ile ya Machi, siku ya kikopo cha kwanza, niliamka mapema. Kwa miezi miwili sikuhitaji saa. Kikohozi chake ndicho kilichoniamsha, kikavu, hakitoi kitu. Nilimsikia akiingia bafuni na kikopo. Nikangoja akohoe. Hakukohoa. Sikusikia hata mara moja. Akatoka, na kikopo kilikuwa kimejaa.

Nilikiona. Nikajua haiwezekani. Nikampa chai.

Sikuuliza kwa sababu nami nilitaka iwe TB. Matokeo yalipokuja, sikuchinja yule kuku kwa furaha. Nilimchinja haraka, kabla mtu hajaniuliza kitu. Na zile asubuhi hamsini na sita, wacha niseme ukweli, nilizipenda. Nilikuwa na kadi, nilikuwa na kalamu, kila siku naweka alama, na kila alama ilikuwa ikiniambia kwamba ninafanya kitu. Nikinyamaza leo, nitapata kadi mpya. Atakaa nyumbani, atafungua mdomo nikimwambia afungue, nami nitaweka alama hadi siku ya kuzika.

Nikisema, atakwenda Ugenya na atakufa akiwa amenichukia.

"Mara ya mwisho! Nicanor Ogutu!"

Nikasimama.

"Javan, njoo."

Sista Rael ni mwanamke mfupi, hana mchezo. Alituangalia, akaangalia kadi.

"Mama Marion, mgonjwa wako yuko wapi? Na huyu ni nani?"

Niliweka kikopo mezani.

"Huyu ni shemeji yangu, Javan. Haya ni makohozi yake. Na yale ya Machi yalikuwa yake pia. Mume wangu hajawahi kuleta makohozi yake mwenyewe hapa hata siku moja."

Kalamu yake ikasimama.

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii niliongeza na bafu, na kikopo kilichojaa bila kikohozi. Javan alinigeukia. Alisogeza kiti chake kidogo, upande ule mwingine.

"Unajua nikiandika hii siwezi kufuta?" Sista Rael akasema. "TB inatoka kwenye jina la mume wako. Yeye anarudi kwa daktari kama mtu ambaye hajapimwa. Wewe sikusimamishi tena juu ya dawa za mtu. Na wewe," akamwelekezea Javan kalamu, "unaanza dawa leo. Mke na mtoto waletwe hapa kabla hatujafunga. Piga simu sasa."

"Andika," nikasema.

Akaandika. Akachora mstari kwenye kadi niliyoijaza alama kwa miezi miwili, kona hadi kona, kwa wino mwekundu. Kisha akainua simu ya mezani akaongea na Daktari Kigen kwa sauti ya chini. Akafunika simu kwa kiganja.

"Daktari ana mgonjwa wa kamera saa sita, na hajafika. Anasema kama mume wako yuko karibu, atamwingiza yeye. Nafasi nyingine ni baada ya wiki tano. Amekula?"

"Hajala. Hata chai sikumpa."

"Basi asile. Asinywe hata maji. Na fomu hii asaini mwenyewe, wewe huwezi kumsainia." Akanisukumia karatasi. "Saa tano na dakika ishirini sasa. Yuko wapi?"

Nilitoka mbio. Kwa mwili wangu huu na viatu vya kazi, nilitoka mbio, watu wakinipisha wakidhani nimefiwa.

Nilimpata nje ya lango. Hakuwa amefika mbali. Alikuwa kwa mama wa mahindi choma, amekalia debe, hindi mkononi, amelipuliza, analifikisha mdomoni.

Nililinyakua. Liliniunguza vidole. Nikalitupa mtaroni.

"Wewe mama!" mwenye mahindi akapiga kelele.

Nicanor aliangalia mkono wake mtupu, kisha akaniangalia mimi.

"Umesema," akasema.

"Nimesema."

"Sasa umeniua."

"Bado. Saa sita Daktari Kigen anakuingiza kamera. Lazima uwe na njaa, na unayo. Fomu ndiyo hii. Simama."

"Sisaini."

"Sijakwambia usaini hapa barabarani. Nimekwambia usimame."

"Seline, tafadhali." Alisema kitu kingine baada ya hapo, lakini lori lilipita na ile sauti yake ikapotelea humo. Niliona tu midomo ikitembea. Machozi yalikuwa yakimtoka mbele ya yule mama wa mahindi, na hakuyafuta.

Akasimama.

Lakini uso wake ulielekea upande wa stendi, kwenye magari ya Busia ya kwenda Ugenya, si upande wa lango. Akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili.

Nikaisukuma fomu ndani ya blauzi. Nikamshika kola ya koti kwa mikono yote miwili, foleni nzima ya hospitali ikitutazama, nikamgeuza kuelekea lango.